Sauti ya arusi inaachana na picha: ni programu au ni mimi?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Ngamiani hapa Tanga, napiga video za arusi, hasa shughuli za upande wa wanawake. Picha nachukua kwa kamera, sauti naichukua kwenye miksa kwa rekoda ndogo, halafu naunganisha kwenye laptopu ya Linux kwa amri za FFmpeg (programu ya kugeuza na kuunganisha video na sauti) alizoniandikia rafiki yangu (nimeziambatisha). Nina matatizo matatu. Mwanzoni sauti na picha ziko sawa, lakini kufika mwisho wa saa ya kwanza midomo inaitangulia sauti kwa sekunde kama tatu na nusu, na mwisho wa saa ya pili ni saba. Pili, kurenda arusi ya saa mbili, yaani kutoa faili la mwisho la video, kunakula mchana na usiku wake, na umeme ukikatika katikati faili lote halifunguki. Tatu, klipu za kamera moja niliyoazima zinaifanya programu ijifunge ghafla. Chuoni nilisoma C kidogo. Je, hizi ni hitilafu za programu? Na mtu kama mimi anaweza kweli kuzirekebisha, au tuwaachie wenyewe huko Ulaya?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na zile namba zako, maana ndizo zinazoniwezesha kukujibu. Wengi huniandikia "sauti haiendani na picha" basi, na mimi nabaki sina pa kushika. Wewe umepima mara mbili, na vipimo hivyo viwili vimeshatoa nusu ya jibu.

Sauti na picha haziachani kwa namna moja. Tofauti ikiwa ileile tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho, hapo zilianza vibaya tu. Unasogeza moja, umemaliza. Tofauti ikiwa inaruka, dakika kumi sawa halafu ghafla nusu sekunde, tafuta fremu zilizopotea au mahali rekoda iliponyamaza. Lakini tofauti inayokua kwa kiasi kilekile kila saa, kama yako, maana yake picha na sauti zinahesabiwa kwa mwendo tofauti, na ukubwa wa tofauti hiyo ndio unaomtaja mkosaji.

Kamera na rekoda kila moja ina kidude chake cha kioo kinachotetema ili kuhesabu muda. Vidude hivyo vikipishana kwa sehemu 50 katika milioni, utaona sekunde 0.18 tu kwa saa. Kwa upande mwingine, rekoda ikirekodi sampuli 44,100 kwa sekunde halafu faili likasomwa kana kwamba ni 48,000, sauti itakwenda mbio kwa karibu asilimia 9, tena itapanda kwa karibu nusutoni moja na nusu. Katika mji wa Black Star na Lucky Star, taarabu ikipandishwa hivyo kila mtu ukumbini ataisikia kabla hujaiona kwenye kompyuta.

Yako si hiyo wala ile. Chukua sekunde 3600, gawanya kwa 1001: unapata 3.6. Huo ndio upungufu wako wa kila saa. Televisheni ya rangi ya Marekani, kwa viwango vilivyopitishwa mwaka 1953, ilishusha mwendo wa picha kutoka fremu 30 kwa sekunde hadi 30,000 gawanya kwa 1001, yaani 29.97, ili ishara ya rangi isigongane na ya sauti. Televisheni hizo zimeshapita, namba imebaki. Kamera nyingi zinaandika 30 kwenye menyu huku ndani zinapiga 29.97.

Sasa tazama amri mbili za mwanzo ulizonitumia:

ffmpeg -i arusi.mp4 -an -c:v copy picha.h264
ffmpeg -framerate 30 -i picha.h264 -i miksa.wav -c:v copy -c:a aac tokeo.mp4

Amri ya kwanza inang'oa picha kutoka kwenye MP4 na kuiandika ikiwa mkondo mtupu. Ndani ya MP4 kila fremu ilikuwa na muhuri wake wa muda, unaosema ionyeshwe lini. Kwenye mkondo mtupu wa H.264 (namna ya kubana picha) mihuri hiyo imetupwa. Kwa hiyo amri ya pili haina njia ya kujua mwendo halisi, na rafiki yako akaiambia 30. Fremu za saa nzima zikachezwa kwa sekunde 3596.4, picha ikawahi kumaliza, midomo ikafunga neno likiwa bado njiani. Asingeandika chochote, FFmpeg ingechukua 25 na ungeona tofauti mbaya zaidi, tena kwa upande wa pili.

Kwa hilo la kwanza, basi, programu haina kosa. Kosa ni la amri. Acha kabisa kung'oa picha. Unganisha moja kwa moja, mihuri ya muda ibaki mahali pake:

ffmpeg -i arusi.mp4 -i miksa.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac tokeo.mkv

Kabla ya hapo endesha ffprobe -show_streams arusi.mp4 na utafute mistari miwili, r_frame_rate na avg_frame_rate. Ikisema 30000/1001 yote miwili, ndiyo hiyo niliyokueleza. Ikitofautiana, na kwa video za simu hutofautiana mara nyingi, ujue mwendo wa picha unabadilikabadilika: simu hupunguza fremu ukumbi ukiwa na giza. Faili la namna hiyo liweke kwenye mwendo mmoja kwa kichujio cha fps kabla ya kuanza kuhariri. Na kama kamera yako inakuruhusu kuchagua 25, chagua 25 na shata ya 1/50. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, taa za ukumbini zinapepesa mara 100, na kwa mpangilio huo picha haitakuwa na ile mistari inayotembea.

Tuje kwenye mzigo wa kurenda. Kusema "programu ni nzito" ni kama kumwambia daktari "naumwa". Lazima ataanza kubonyeza hapa na pale. Amri yako ya tatu inafanya kazi nne kwa pamoja: inasimbua picha, inasafisha chengachenga, inapunguza ukubwa kutoka 1080 hadi 720, kisha inasimba upya kwa x264, kisimbaji cha H.264. Zitenganishe uzipime moja moja kwa kipande cha dakika moja tu. Kwanza kusimbua peke yake:

ffmpeg -benchmark -i kipande.mp4 -f null -

Hapo hakuna faili linaloandikwa. Angalia neno speed chini ya skrini. Ikisema 4x, dakika moja ya arusi inasomwa kwa robo dakika. Kisha ongeza kichujio cha usafishaji kwa -vf nlmeans, mwisho bado ukiwa ni null. Kisha ongeza kupunguza ukubwa. Kisha x264. Utapata namba nne, na pale namba inapoporomoka ndipo usiku wako unapoishia.

Nitashangaa isipoporomoka kwenye nlmeans. Kichujio hicho ni kizuri sana kwa macho, lakini fikiria kazi yake: kwa mpangilio wake wa kawaida kila nukta ya picha inalinganishwa na ujirani wa 15 kwa 15, yaani nafasi 225. Fremu ya 1080 ina nukta 2,073,600. Zidisha: ulinganisho 466,560,000 kwa fremu moja, na wewe una fremu karibu 30 kila sekunde, kwa saa mbili. Hakuna laptopu kuukuu itakayostahimili hilo. Tena umeiandika kabla ya scale, kichujio cha kupunguza ukubwa, kwa hiyo unasafisha nukta nyingi halafu unazitupa. Ukipunguza kwanza hadi 1280 kwa 720 zinabaki 921,600, na mzigo wa usafishaji unashuka mara 2.25 bila kubadili kitu kingine. Ukibadilisha nlmeans kwa hqdn3d, kichujio chepesi zaidi cha kazi hiyohiyo, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Mimi kwa video itakayotazamwa kwenye simu nisingefikiri mara mbili.

Kwa x264 umeweka preset slow, yaani mwendo wa polepole. Iache iwe veryfast na crf (namba ya ubora wa picha) 21 au 22, faili litanenepa kidogo, wateja wako hawatatofautisha. Watu wengi huhangaika na preset wiki nzima wakati mkosaji amekaa kwenye vichujio, ndiyo maana nasisitiza upime kabla ya kugusa.

Kuna kipimo kingine ambacho hapa pwani kina uzito wake. Iache amri ikimbie robo saa na uitazame speed. Ikianza 0.9x halafu ikashuka polepole hadi 0.5x na kukaa hapo, msimbo wa programu hauna habari na jambo hilo: ni joto. Prosesa ikichemka hujipunguzia mwendo ili isiungue, na mwezi wa Februari chumba cha Ngamiani chenye bati kinaanza kazi kikiwa tayari kimechemka. Endesha amri ya sensors kwenye dirisha la pembeni uone nyuzi. Fungua laptopu, toa vumbi la feni, badilisha ile pasta ya kupitishia joto iliyokauka. Nimeona laptopu zikirudi ujana kwa hilo peke yake.

Na faili lisilofunguka baada ya umeme kukatika: MP4 huandika orodha yake ya yaliyomo, inayoitwa moov, mwishoni kabisa mwa kazi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zote zimo kwenye diski lakini hakuna anayejua zimeanzia wapi, ndipo unaposoma ujumbe wa "moov atom not found". Renda kwenye MKV, aina nyingine ya faili la video. Faili la MKV likikatwa, husomeka mpaka pale lilipofikia. Kazi ikiisha salama, ligeuze kwa -c copy kuwa MP4, na ongeza -movflags +faststart ili orodha ikae mbele na simu za wateja zianze kucheza upesi. Kugeuza huko hakusimbi upya kitu, kunachukua dakika chache.

Sasa klipu zinazoiangusha programu. Hii ndiyo hitilafu ya kweli, na hapa sina shaka. Faili linaweza kuwa bovu, kamera inaweza kuwa imeandika ovyo, lakini programu inatakiwa ikatae kwa ujumbe, si kujifunga. Jambo hili si la usumbufu tu: mahali programu inapoangukia faili bovu, mara nyingine ndipo mtu mwenye nia mbaya anapoingilia. Ndiyo sababu FFmpeg ni miongoni mwa miradi inayorushiwa mafaili mabovu mchana na usiku na mitambo ya OSS-Fuzz ya Google, iliyoanza mwaka 2016, ili kuona ni lipi litaiangusha.

Kwanza angalia ffmpeg -version. Toleo lililokuja na Linux yako linaweza kuwa la miaka kadhaa nyuma, na kosa lako limeshasahihishwa. Jaribu toleo jipya. Likianguka bado, ongeza -report kwenye amri. Itaandika kila kitu kwenye faili la kumbukumbu. Faili hilo litume zima, usilikate, wala usipige picha ya skrini kwa simu. Mistari ambayo wewe unaiona haina maana ndiyo mara nyingi anayoitafuta anayeujua msimbo.

Kisha wanahitaji sampuli ndogo ya klipu yenyewe, na hapa kuna mtego. Ukikata kwa -c copy, FFmpeg inaliandika faili upya kwa usafi wake na ubovu unaweza kutoweka. Kwa MKV au TS kata baiti ghafi: head -c 10M klipu.ts > kipande.ts. Kwa MP4 na MOV njia hiyo mara nyingi haifai, kwa sababu ya ile moov ya mwishoni; bora uiazime tena ile kamera na kupiga klipu fupi ya sekunde tano, ya ukuta.

Na hili la ukuta nalisema kwa uzito. Usipakie popote kipande cha shughuli ya wanawake. Mabibi harusi wa Tanga, mama zao na mashoga zao wamevua mabuibui mbele yako kwa sababu wewe ni mwanamke mwenzao na wamekuamini. Sampuli ya hitilafu hukaa hadharani, mtu yeyote duniani anaipakua. FFmpeg yenyewe inaweza kukutengenezea picha na mlio wa kupimia: -f lavfi -i testsrc=rate=30000/1001 kwa picha na -f lavfi -i sine kwa sauti. Tatizo lako la sekunde 3.6, kwa mfano, lingeweza kuonyeshwa lote kwa picha hiyo ya kubuni bila uso wa mtu.

Sasa swali lako la mwisho, nililolipenda kuliko yote. VLC, programu ya kuchezea video, ilianza mwaka 1996 mikononi mwa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi karibu na Paris. Audacity, ya kuhariri sauti, ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. FFmpeg ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, na leo maktaba zake zimo ndani ya VLC, Kdenlive, Shotcut na nyingine nyingi. Kiraka chako, yaani sahihisho la msimbo, kikikubaliwa kwenye libavcodec, maktaba ya FFmpeg ya kusimba na kusimbua, kimewafikia wote hao. Na kiraka hupimwa kwa msimbo wake. Kinatoka Ngamiani au Berlin si hoja.

Anza kwa kuijenga mwenyewe. Pakua msimbo wote kwa git, programu ya kutunza historia ya msimbo, na kama unatumia bando usidanganyike na kupakua kwa --depth 1, maana utaikosa historia, na historia utaihitaji. Sakinisha nasm kabla ya ./configure. Bila nasm, configure itagoma na kukupa njia ya --disable-x86asm, huku ikisema yenyewe kwamba utapata programu kilema. Wapo wanaofuata njia hiyo halafu wanalalamika FFmpeg ni nzito. Sehemu zinazokimbia zaidi zimeandikwa kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine: rejista ya AVX2, chombo cha kushikia namba ndani ya prosesa, ina biti 256, nukta 32 za biti nane zinashughulikiwa kwa agizo moja. Ndiyo siri ya dav1d pia, kisimbuzi cha video za AV1 ambacho VideoLAN, mradi wa VLC, ilikitangaza mwaka 2018.

Ukishamaliza make, utakuta faili liitwalo ffmpeg_g, lenye majina yote ya kazi za ndani. Klipu yako ipitishe humo kwa gdb, programu ya kuchungulia nyingine inapoanguka:

gdb --args ./ffmpeg_g -i klipu.mov -f null -

Andika run, ikianguka andika bt. Utaona majina ya kazi zilizoitana mpaka kwenye mstari uliokufa. Kwa C uliyosoma, mstari huo utausoma. Mara nyingi ni urefu uliosomwa kwenye faili na kuaminiwa bila kukaguliwa, au hesabu iliyovuka ukubwa wa chombo chake. Hili la hesabu ulizoee, utalikuta kila mahali katika kazi hii. WAV ya kawaida, kwa mfano, huandika ukubwa wake kwa biti 32, mwisho wake GB 4. Kwa stirio ya biti 24 na sampuli 48,000 unafika hapo baada ya saa 4 na dakika 8, kabla taarabu ya usiku haijaisha. Au chukua ile fremu ya 29.97: inachukua milisekunde 33.37. Mwandishi wa programu akiizungusha kuwa 33, kwa saa moja amepoteza karibu sekunde 40. Ndiyo maana FFmpeg hutunza muda kwa namba kamili na sehemu, 1001/30000, bila desimali. Ukiona msimbo wa mtu unageuza muda kuwa milisekunde katikati ya njia, simama hapo uchunguze.

Kama klipu ilikuwa inafunguka kwenye toleo la zamani na sasa haifunguki, tumia git bisect. Unaitajia toleo zuri na baya, inakupeleka katikati, unajenga, unajaribu, unajibu. Mabadiliko 1000 yanamalizika kwa majaribio kama 10, na mwisho unashika badiliko moja lenye kosa. Ripoti yenye jina la badiliko hilo husomwa haraka, hata kama wewe hukuweza kulisahihisha.

Ukisahihisha, endesha make fate, majaribio ya mradi wenyewe. Sampuli zake ni kubwa, zipakue penye intaneti nzuri. Ukiwa umegusa mwendo, perf record na perf report zitakuonyesha ni kazi ipi inakula prosesa, na checkasm italinganisha msimbo wa asembli na ule wa C, kwa usahihi na kwa kasi. Tuma kiraka kidogo chenye jambo moja tu. Wakikurudishia na maswali, jibu kwa vipimo, rekebisha, tuma tena. Wakongwe wao pia hurudishiwa.

Kwa wiki hii, niandikie ile mistari miwili ya ffprobe, zile namba nne za speed, na maandishi ya bt ya klipu ya kamera ya kuazima. Hiyo bt ndiyo ninayoisubiri zaidi, na nikiipata tutaisoma pamoja mstari kwa mstari.